Kibao cha Mbele ya Mlingoti

Nilichonga majahazi kwa miaka minne kabla sijaiona bahari kwa macho yangu. Wakati huo sikuona kosa lolote. Nusu ya wachongaji wa Arusha wanachonga simba, na sijasikia hata mmoja aliyewahi kumsogelea akampima miguu.

Mimi ni mtu wa mlimani. Nilizaliwa kwenye migomba na kahawa, kwenye miteremko ya Meru, na maji makubwa kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa mfereji uliopita nyuma ya jiko la mama. Baba alikuwa seremala: mabenchi ya kanisa, milango, majeneza. Kwake nilijifunza kushika patasi na kupiga randa. Nilijifunza pia kwamba mwenye jeneza harudi kulalamika, na nadhani ndiyo sababu nilipoanza kukosolewa ukubwani niliumia kuliko watu wengine.

Nilipooa tulihamia Sombetini, nikajenga kibanda cha mabati pembeni ya nyumba, nikawa nachonga twiga. Nilichonga twiga hadi mke wangu, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi na hana maneno mengi, akaniambia kwamba hata akilala anaona shingo. Twiga wote walikwenda kwa mama mmoja mwenye duka la vinyago katikati ya mji. Siku moja alinirudishia kapu zima.

"Twiga wamejaa," alisema. "Niletee kitu cha bahari."

"Cha bahari? Huku?"

"Wageni wakitoka mbugani wanakwenda Zanzibar. Wasiokwenda wanataka ionekane kwamba walikwenda. Nichongee jahazi."

Nyumbani tulikuwa na kalenda ya duka la pembejeo, na mwezi mmojawapo ulikuwa na picha ya jahazi. Picha ilikuwa imepigwa kutoka ubavuni. Ubavu huo niliuiga kwa uaminifu, ule mwingine nikajitungia. Niliweka madirisha matatu ya duara kwa sababu niliona si haki watu wasafiri mwendo mrefu bila dirisha. Mlingoti niliulaza kuelekea nyuma, maana kitu kikikimbia, nywele zake hulala nyuma. Tanga nililishona kwa kitambaa cha amerikani, nikalitundika kama pazia la sebuleni. Juu kabisa nikasimamisha bendera ya taifa. Mama wa duka alifurahi. Wageni walifurahi. Wachongaji wenzangu walifurahi zaidi, kwa sababu baada ya mwezi mmoja wote walikuwa wanachonga madirisha matatu.

Jumamosi moja, nikiwa napeleka jahazi mjini, nilipitia soko la Kwa Mrombo kununua dagaa. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki wakavu ambaye nilimzoea, na siku hiyo pembeni yake alikaa mzee mwembamba, amevaa koti juu ya kanzu kwa ajili ya baridi ya kwetu. Yule muuza samaki alinieleza kwamba huyo ni baba yake, ametoka Tanga kuja kuishi naye kwa kuwa macho yamefunga mtoto wa jicho na kule hana wa kumwangalia. Nikaweka jahazi mezani ili nifungue mfuko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeweka nini hapo? Nimesikia mbao."

"Jahazi."

Akanyoosha mikono yote miwili, akalichukua, akaanza kulipapasa taratibu kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea kitandani.

"Linakwenda wapi?" akauliza.

"Linakwenda mjini, dukani."

"Mwanangu, nakuuliza linakwenda upande upi. Mbele ni wapi?"

Ukweli ni kwamba swali hilo lilikuwa halijawahi kunijia. Nilimshika mkono nikaupeleka upande niliouona una sura ya mbele.

"Huku."

"Huku ndiko ulikoweka usukani," alisema.

Binti yake aligeukia dagaa ili asinicheke usoni.

"Na haya matundu?"

"Madirisha."

"Ya nani?"

"Ya abiria."

"Lahaula! Na maji nayo si yatataka kuchungulia?"

Nikaona nijitetee. "Mzee, hii jahazi imependwa sana na wageni."

"Jahazi hili," alisema. "Jahazi hili limependwa sana na wageni. Kabla hujatengeneza mbao, tengeneza ulimi."

Niliondoka nimefura. Kiswahili changu nilikipata shuleni, nyumbani tuliongea Kimeru, na sikuona kwa nini mtu asiyeona anirekebishe vitu viwili kwa mpigo. Nilimsimulia mke wangu yote, nikitegemea anionee huruma.

"Kwani mzee kasema uongo?" aliuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu jahazi hili," alisema, akaendelea kusahihisha madaftari.

Wiki iliyofuata nilirudi Kwa Mrombo na gogo la mringaringa na kalamu ya risasi. Mzee hakushangaa. Kuanzia hapo akawa anakuja kibandani kwangu kila Jumamosi asubuhi kwa bodaboda, amemshika dereva mabega mawili kana kwamba yeye ndiye anayemwongoza. Nilimwekea kigoda na chai ya rangi, nikampa nilichochonga wiki nzima, naye akanivunja moyo kwa utulivu.

Sijawahi kufundishwa na mtu mkali kama yule, na kamwe hakupandisha sauti. Alipima kwa kidole gumba. Mlingoti, alisema, unalala mbele kidogo. Ninyi mnaouona umesimama wima mmeuona kwenye ndoto. Tanga halining'inii kama nguo iliyoanikwa, linafungwa kwenye foromali, mti mrefu wa mshazari unaopandishwa juu ya mlingoti, na foromali ni vipande viwili vilivyoungwa kwa kamba, si kimoja. Nikaunga viwili. Alipapasa kamba, akahesabu mizunguko, akaniambia ipungue mmoja. Bendera aliing'oa mwenyewe, akaitia mfukoni kwa heshima ili isidondoke chini.

Na mbele ya mlingoti, alisema siku moja, weka kibao.

"Kibao gani?"

"Cha mraba. Kwa jahazi la ukubwa huu, kama ukucha wangu huu. Kikae juu ya sitaha, kisizame."

"Kinaitwaje?"

"Kibao."

"Kina kazi gani?"

"Kisipokuwepo, maji yanaingia."

Nikaweka. Akaniambia pia kwamba ubavu wa kushoto, ubao wa tatu kutoka juu, uwe wa mti mwingine, mweusi kuliko wenzake. Nilipouliza kwa nini, alisema ndivyo ulivyo. Nikatafuta kipande cha mti mweusi, nikakichomeka kwa gundi na subira. Mzee alipitisha gumba mbele ya mlingoti, akakikuta kile kibao, akakirudia mara tatu. Kisha akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyasubiri miezi saba.

"Sasa hili ni jahazi."

Mama wa duka hakukubaliana naye. "Madirisha yako wapi?" aliuliza. "Na bendera? Wageni watajuaje ni la Tanzania?" Nikamwambia kwa sauti mpya niliyokuwa nimeipata kwamba jahazi halisi halina madirisha. Majahazi yangu aliyapanga nyuma ya twiga. Yalikaa huko yakashika vumbi hadi alipokuja kijana mmoja anayetembeza wageni. Alikuwa hapendi kusimama mbele ya kitu bila kukieleza, akakiona kile kibao, akawaambia wageni wake kwamba hapo ndipo nahodha alipokuwa akipiga goti kuswali safarini. Wageni waliinama kukitazama. Mmoja alitokwa na machozi. Majahazi yote ya nyuma ya twiga yakaondoka siku hiyohiyo.

Baada ya hapo hapakuwa na jahazi Arusha lisilo na kibao. Wachongaji waliacha madirisha. Kibao kilikua, kikafika ukubwa wa kiberiti, mmoja akakipaka rangi nyekundu. Mwingine, jirani yangu wa vibanda vitatu tu kutoka kwangu, alikiweka nyuma ya mlingoti. Nilikwenda kwake mwenyewe nikamfokea mbele ya wateja wake.

"Kibao kinakaa mbele! Mbele! Ukikiweka nyuma maji yanaingia!"

"Maji gani?" aliuliza, akiangalia rafu yake.

"Kama hujui bahari, usichonge," nilimwambia, mimi niliyezaliwa kwenye mfereji.

Sasa, kanisani naimba besi, na mwaka huo kwaya yetu ilialikwa Tanga na usharika mmoja wa huko. Nilichonga jahazi zuri kuliko yote niliyowahi kuchonga, tulipeleke kama zawadi kwa wenyeji. Tulifika jioni tukiwa hoi. Asubuhi, kabla ya mazoezi, nililifunga jahazi langu kwenye kitenge nikateremka ufukweni peke yangu. Nilitaka, nakiri, kulilinganisha na wenzake.

Kuhusu bahari sina la kusema zaidi ya kwamba ilikuwa bapa mno, nikakosa mahali pa kuegemeza macho. Nikaangalia vyombo. Maji yalikuwa yamekupwa na majahazi matatu yalikuwa yamekaa kwenye mchanga. Milingoti ililala mbele. Foromali zilikuwa vipande viwili. Moyo wangu ulijaa, nikamshukuru mzee kimoyomoyo. Nikaomba ruhusa, nikapanda la kwanza nikatafuta kibao mbele ya mlingoti. Hakikuwepo. La pili, hakikuwepo. La tatu, sitaha laini kabisa. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri: watu wa hapa wameanza kulipua kazi.

Chini ya lile la tatu kulikuwa na fundi wa makamo, anaziba nyufa kwa pamba na mafuta. Nilimwamkia, nikamweleza kwa upole kwamba vyombo vyao vimesahauliwa kitu. Nikafungua kitenge ili nimwonyeshe. Alifuta mikono, akalipokea jahazi langu, akaligeuza, akakiona kile kibao, akauona ule ubao mweusi wa ubavuni. Akanitazama kwa huruma.

"Pole," alisema.

"Pole ya nini?"

"Liligonga wapi?"

Sikuelewa. Akanivuta kivulini akanionyesha kwa ncha ya patasi. "Hiki ni kiraka. Hapa ndipo mlingoti ulipokuwa. Limegonga, mlingoti umeng'oka umepasua sitaha, wameusogeza nyuma hatua moja, na tundu la zamani wameliziba kwa kibao. Na huu ubao mweusi umeingia pale palipotoboka. Walikosa mti wa kufanana. Aliyelitengeneza alikuwa fundi, na wewe umeiga vizuri sana. Ni la nani?"

"Ni majahazi yote," nilisema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia inatoka mbali. "Yote ya Arusha yako hivyo."

"Arusha kuna majahazi?"

"Mengi sana."

"Na yote yamegonga?"

Zawadi tuliitoa vilevile. Mchungaji mwenyeji, mtu wa pwani, aliishika, akaitazama mbele ya mlingoti, akatazama ubavuni, kisha akashukuru kwa maneno machache kuliko nilivyotarajia. Niliimba besi nikiangalia viatu vyangu.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na njia nzima nilitunga hotuba. Nilimweleza mzee, kichwani, juu ya uaminifu, juu ya ufundi, juu ya aibu ya mtu mzima mbele ya mchungaji. Jumamosi alipokuja na kukaa kwenye kigoda, nilikumbuka sentensi ya kwanza tu.

"Mzee, nimefika Tanga."

"Umeiona bahari?"

"Nimeiona."

"Ikoje?"

"Kubwa."

"Basi umeiona," alisema, akapuliza chai.

"Kile kibao ni kiraka."

Hakushtuka. "Kiraka, ndiyo. Nilikwambia kisipokuwepo maji yanaingia. Nilikudanganya?"

"Hukuniambia kwamba ni cha jahazi moja tu!"

"Uliniuliza jahazi likoje. Mimi nimefanya kazi kwenye jahazi moja tangu ndevu hazijaota mpaka macho yaliponikataa. Ulitaka nikueleze la jirani?"

Nilichukua msasa nikasugua kitu ambacho hakikuhitaji kusuguliwa. Mwishowe nikauliza alichouliza fundi.

"Liligonga wapi?"

"Mwamba. Mchana kweupe, bahari imetulia kama uji uliopoa. Ule mwamba unajulikana na kila mtu, hata wanawake wanaokwenda kuokota kombe wanaujua."

"Nani alikuwa ameshika usukani?"

Aligeuza kikombe kwenye viganja vyake mara mbili, tatu.

"Mimi. Nilikuwa nabishana na mpishi kuhusu chumvi."

"Alikufa mtu?"

"Hakufa mtu. Tulikuwa tumepakia saruji. Ikaloa, ikawa jiwe, kila gunia na umbo lake. Nahodha hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alitengeneza chombo, akanirudisha palepale kwenye usukani, na miaka yote iliyobaki nikawa nakitazama kile kibao mbele yangu." Akanywa chai. "Alipofariki, watoto wake walilikata. Walitengeneza meza za hoteli. Nasikia wageni wanazipenda, eti zina historia."

Hasira yangu niliitafuta sikuiona. Nikamsimulia habari za yule mtembeza wageni na nahodha anayeswali. Mzee alisikiliza, mdomo ukafunguka, akaanza kucheka, akacheka hadi kikohozi kikamshika nikampiga mgongoni.

"Pale? Pana nafasi ya goti moja tu! Na jingine aliweke wapi, baharini?" Akajifuta macho. Kisha akauliza, polepole, "Yako mangapi?"

"Mengi, mzee. Kila duka la vinyago. Mengine yamekwenda Ulaya."

"Yote na kibao?"

"Yote."

"Na ubao mweusi?"

"Na ubao mweusi."

Alitikisa kichwa. "Basi nimegonga mpaka Ulaya," alisema, na sikuweza kujua kama anasikitika au anajisifu.

Nilijaribu kurekebisha. Nilichonga majahazi sita mazima, sitaha laini, ubavu wa rangi moja, kama yale niliyoyaona mchangani. Mama wa duka aliyarudisha kwenye kapu lilelile la twiga.

"Haya si halisi," alisema. "Wageni sasa wanajua. Wanauliza nahodha anaswalia wapi."

Nikaenda kwa jirani yangu wa vibanda vitatu, nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba kibao hakitakiwi, mbele wala nyuma. "Juzijuzi tu ulinifokea mbele za watu kwa kibao hiki," alisema. "Nimeshakizoea. Nenda nyumbani." Nilikwenda nyumbani. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba kosa likishafanywa na watu wengi wenye bidii, wale wa kamusi huwa wanakuja kuliandika. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye kibao. Yale majahazi sita mazima nimeyaweka juu ya kabati sebuleni, na kila mgeni anayekuja huniuliza kwa nini sikuyamalizia.

Mwaka huu binti yake alimpeleka mzee hospitali akafanyiwa upasuaji wa macho, kwanza la kulia, halafu la kushoto. Alipofunguliwa bandeji ya pili nilikwenda Kwa Mrombo kumjulia hali, nikambebea jahazi. Nilitaka kuona atalionaje. Alinitazama mimi kwanza, juu hadi chini.

"Nilidhani wewe ni mtu mnene," alisema.

Kisha akalishika jahazi, akalitazama kwa muda mfupi tu, akasema, "Ndilo," akaliweka chini kando ya dagaa. Kilichomvuta kilikuwa nyuma yangu. Mawingu yalikuwa yameondoka asubuhi ile na Meru ulikuwa wazi wote. Mzee alikuwa ameishi chini yake miaka hii yote akiujua kwa baridi yake tu.

"Huo ndio mlima wenu?"

"Ndio wenyewe."

"Lile bonde linaloshuka kulia, linaishia wapi?"

"Linashuka, linapita juu ya shamba la kaka yangu. Ana migomba, na siku hizi ameongeza parachichi."

"Na pale juu penye kivuli?"

"Pale ni... pale ni msitu. Kaka alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe chini kidogo ya hapo."

"Na ule mstari mweupe?"

"Huo sijui. Labda kaka anaujua."

Mzee alinigeukia na macho yake mapya, mekundu bado pembeni.

"Mwanangu, sikukuuliza habari za kaka yako. Nimekuuliza mlima."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alivuta kigoda akakaa kuukabili, mikono juu ya magoti, na kwa nusu saa hakumjibu mteja yeyote aliyemsalimu. Tumekubaliana Jumamosi ijayo nimpeleke kwa kaka, tufike pale gari linapoishia, yeye aone mwenyewe. Ameniomba kitu kimoja tu: njiani nisimweleze chochote.